Ufa Niliouruhusu

Ukuta huu nimeupigia hesabu mara mbili.

Mara ya kwanza mfereji umejaa pomoni:
povu la madobi wa Oruro, damu ya machinjio,
maji ya viazi, mikojo ya soko zima,
yote yanausukuma ukuta kwa kifua.
Mara ya pili mfereji ni mtupu, siku ya kuufagia,
na udongo wa nje, ulionywa mvua ya Januari ukavimba,
unausukuma kwa mgongo.

Ndiyo maana nondo zimesimama safu mbili,
kama majirani walionuniana,
kila safu ikingoja siku yake ya kuvutwa.
Kwa maana zege, ukilikandamiza, halikutazami hata usoni;
ukilivuta linapasuka bila kuaga.

Casilda Yucra, mfunga nondo, koleo kiganjani,
koka shavuni, aliniuliza siku ya pili:
"Mhandisi, huku nyuma chuma cha nini?
Maji si yako mbele?"
Nikamwambia: maji huondoka, udongo hauondoki.
Akasokota waya, akakata.
"Kama deni," akasema, akahamia fundo jingine.

Kuna jambo sikumwambia, lilininyima usingizi:
kwamba maji ya ardhini yakipanda usiku mfereji ukiwa mtupu,
tani zote hizi zinaweza kuelea
kama kibuyu.
Nikafuta. Nikachora upya saa nane za usiku,
nikakirefusha kitako kwa nje, nikakipa visigino,
ili udongo uleule unaotaka kutung'oa
ukae juu yake, utushikilie.

Halafu ile hewa ya yai viza.
Inapanda chini ya mfuniko, inalowa ukutani,
inageuka tindikali, inalamba saruji
taratibu, miaka, kama mbuzi na jiwe la chumvi.
Dawa yake ni nyama: milimita hamsini za zege
kati ya chuma na uchafu. Si arobaini.
Nilipokuta nondo zimeegemezwa vipande vya matofali
nilisema fungueni.
Msimamizi Rómulo Huarachi alihesabu hasara kwa sauti,
siku nzima, mifuko, mishahara, mchanganyaji wa kukodi.
Nilimwacha ahesabu. Walifungua.

Tulimwaga zege mwezi wa Juni, adhuhuri, jua kali lisilo na joto.
Jioni baridi ikashuka nyuzi tisa chini ya sufuri,
na maji yakiganda ndani ya zege changa
hakuna hesabu itakayoliokoa.
Maturubai hayakutosha. Casilda akaondoka bila kuomba ruhusa,
akarudi na wanawake wa mtaa wa juu
na mablanketi: ya sufi ya llama, ya harusi,
moja lenye tausi, moja lililoungua pasi.
Tukaufunika ukuta mita kwa mita
kama mgonjwa mrefu.
Kwenye michoro yangu hapakuwa na mstari wa tausi.

Wiki ya tatu ya Julai nikauona.
Mwembamba, wima, karibu na kiungo.
Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Mimi nimejenga ukuta nikijua ufa utakuja,
nikauandalia chuma chembamba kilichokaribiana,
nikaupa kipimo: sehemu mbili za kumi za milimita,
usizidi hapo, mwanangu, usizidi.
Kipimo kilisoma moja na nusu.

Nilitaka kumwita mtu. Nimwite nani?
Kazi hii ikifaulu hakuna atakayeikumbuka;
mtoto wa darasa la kwanza atapita juu ya mfuniko
akiwaza mpira.

Casilda alikuwa anakusanya mabaki ya waya.
Akaja, akavua glavu,
akapitisha ukucha juu ya ufa, polepole,
toka kushoto kwenda kulia.

Haukunasa.

"Mablanketi," akasema, "wanayataka yakiwa yamefuliwa."